Makazi Bora ya Sungura wa Bugwandu

Kuanzia Jumatatu hiyo, hakuna sungura aliyeruhusiwa kulala ovyo ndani ya mipaka ya Halmashauri ya Bugwandu.

Gari la matangazo lilizunguka kutwa. Lilipita sokoni, likapita mnadani kwa wauza ng'ombe, likapanda mpaka kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na kote huko spika ilisema maneno yaleyale: "Sungura wote, wa kufugwa na wa porini, wawe na makazi yanayotambulika, yaliyokaguliwa na yenye anwani. Muda wa nyongeza hautatolewa."

"Wa kufugwa sawa," alisema dereva mmoja wa bodaboda. "Huyu wa porini nani anampelekea taarifa?"

Aliyepaswa kumpelekea taarifa alikuwa Mabula, afisa mifugo, mtu mpole mwenye pikipiki ya serikali isiyokuwa na breki ya mbele. Alikuwa amewatumikia wanyama wa Bugwandu miaka kumi na moja, na katika muda wote huo hakuna sungura aliyewahi kumsainia barua.

Chanzo cha mambo yote kilikuwa fomu. Mkurugenzi wa halmashauri, Bwana Donatus, alikwenda semina Morogoro, akarudi na begi jipya, kofia, na fomu ya kurasa nne. Kwenye ukurasa wa tatu paliulizwa: ni asilimia ngapi ya sungura wa eneo lako wana makazi bora? Bwana Donatus hakuwa mtu wa kuacha nafasi wazi. Alimwita Mabula.

"Sungura wa porini wanaishi wapi?"

"Porini, bosi."

"Nyumba zao zikoje?"

"Hawana nyumba. Sungura wetu wa porini hachimbi. Anajilaza kwenye majani chini ya kichaka, anapabonyeza kidogo kwa mwili wake, basi, hapo ndipo kwake. Kesho analala kwingine. Hata watoto anawazaa hapohapo juu ya ardhi, macho wazi, manyoya tayari. Mwenye kuchimba ni wa kufugwa, maana asili yake ni ya mashimoni. Watoto wake wanazaliwa uchi na hawaoni. Bila shimo au boksi lenye manyoya ya mama yao, hawaponi."

Bwana Donatus alikuwa anaandika. "Kwa hiyo wa porini ni kaya zisizo na makazi, na wa kufugwa ni wavamizi wa ardhi."

"Sikusema hivyo, bosi."

"Ndiyo maana wewe uko mifugo, na mimi niko hapa."

Mabula akaenda dukani kwa Mzee Taherali kuagiza vibao vya bati mia mbili vyenye namba.

"Vya nini?" aliuliza Taherali.

"Anwani za sungura wa porini, mzee."

Taherali alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mabula mwanangu, miaka arobaini nauza waya, misumari na mabati hapa. Sungura wa porini hajaingia humu hata kuulizia." Lakini vibao alivikata, na alivikata vizuri.

Kwa wiki mbili Mabula alitembea vichakani na nyundo. Akimwona sungura amejilaza, anamsubiri atoke mbio, kisha anapigilia kibao: Mtaa wa Amani, Nyumba Na. 14. Kesho yake Na. 14 haina mtu. Aliandika taarifa kwamba wapangaji wamehama bila kuaga. Jibu likarudi kwa wino mwekundu: "Hesabu vibao, siyo sungura." Kazi ikawa nyepesi. Mwisho wa mwezi wa tisa, asilimia mia na arobaini ya sungura wa porini walikuwa na makazi bora, na Bwana Donatus akapigiwa makofi kwenye kikao.

Wakabaki wa kufugwa.

Mfugaji aliyejulikana kuliko wote alikuwa Mama Masalu, mjane aliyekaa ukingoni mwa machimbo ya zamani. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo la dhahabu, lililotelekezwa kabla halijafika mbali. Mtu mzima akisimama ndani, kichwa kinabaki nje. Mama Masalu alilizungushia ukuta wa mawe, akaliezeka nusu kwa nyasi, akawaacha sungura wake wajichimbie vijishimo pembeni. Humo mlikuwa na ubaridi hata katika lile jua la Oktoba linalopasua midomo. Sungura walikuwa ishirini na watatu, wanene, na ndio waliomsomesha bintiye uuguzi Shinyanga mjini.

Mabula alifika na Mkurugenzi na mpiga picha.

"Mwangaluka, mayo," alisalimia Mabula kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Karibuni."

Bwana Donatus hakukaa. Aliinama juu ya duara. "Haya mashimo ya pembeni kachimba nani?"

"Sungura, baba."

"Wana leseni ya uchimbaji mdogo?"

Mama Masalu alimtazama Mabula kuona kama ni utani. Mabula alikuwa anatazama viatu vyake.

"Baba, wanachimba pa kulala," alisema mama. "Hapa dhahabu hakuna. Marehemu mume wangu aliitafuta miaka sita."

"Hilo litathibitishwa na wataalamu. Kwa sasa machimbo yamefungwa na wachimbaji wanahamishwa."

Walihamishiwa kwenye Banda la Mfano, katika uwanja wa halmashauri. Lilikuwa jengo la kisasa: zege chini, zege pembeni, bati juu. Lilikuwa pia na dirisha moja, ambalo siku ya uzinduzi lilifunikwa kwa bango kubwa lenye picha ya Mkurugenzi akitabasamu. Utepe ukakatwa. Jioni hiyohiyo Bwana Donatus akaondoka kwenda Dodoma kueleza mafanikio.

Mama Masalu alikuja kila siku kwa miguu, amejitwika majani mabichi. Siku ya pili alikuta sungura wanahema, masikio yamelala. Siku ya tatu aliingia ofisini kwa Mabula na kuweka kifurushi mezani. Alikifungua taratibu. Ndani ya khanga mlikuwa na sungura wawili wamekauka.

"Shikamoo, mama," alisema Mabula kwa sauti ndogo.

Hakuitikiwa. "Wewe umesomea. Niambie hawa wamekufa na nini."

"Joto, mama."

"Ulijua watakufa?"

"Nilijua."

"Ukamwambia nani?"

Mabula alikuwa amewaambia watu wengi mambo mengi katika miaka kumi na moja, lakini hili hakumwambia yeyote. Akasimama, akavuka korido, akaenda kwa Esta, katibu muhtasi wa Mkurugenzi.

"Esta, naomba ufunguo wa ofisi ya bosi."

"Kuna kikao humo?"

"Ana wageni."

Ofisi ya Bwana Donatus ilikuwa na zulia nene na kiyoyozi kilichowaka kutwa, kwa maagizo yake mwenyewe, ili kiti kisishike joto. Yeye, Esta na Mama Masalu wakawabeba sungura kutoka bandani kwa matenga. Mama Masalu alitandaza nyasi kavu juu ya zulia, akalaza maboksi ya majalada ubavuni, midomo wazi, akakaa sakafuni kuwatazama. Baada ya saa moja wa kwanza akaanza kula. Mama akajifuta macho kwa upindo wa khanga, akasema, "Haya. Marahaba."

Kesho yake jike mmoja aliingia kwenye droo ya chini, mlimotunzwa barua za wananchi zinazosubiri majibu. Alizichanachana vizuri, akazichanganya na manyoya ya kifua chake, akazaa watoto saba.

Ijumaa, Kamati ya Ukaguzi ikatua kutoka mkoani bila taarifa, ikiongozwa na Bi Loveness, mwanamke asiyekunywa soda kazini. Bwana Donatus alikuwa amesikia habari njiani akitoka Dodoma, akawahi, akashuka garini akiwa amekwishaanza kutabasamu.

Walianzia Banda la Mfano. Bi Loveness aliingiza kipimajoto, akakitoa, akakitazama, akakionyesha kamati.

"Nyuzi arobaini na moja. Hapafai kwa kiumbe hai. Sungura wako wapi?"

"Wamehamia makazi ya muda," alisema Mabula. "Karibuni."

Esta akafungua mlango. Sungura ishirini na mmoja waliinua masikio. Mmoja alikuwa juu ya meza, amejinyoosha kwenye kalenda.

"Nini hiki?" alifoka Bwana Donatus. "Hii ni ofisi yangu!"

Bi Loveness hakugeuka. "Nyuzi ishirini na tatu. Hewa nzuri. Sakafu laini. Kuna uzazi." Alipitisha kidole mezani, kikatoka na vumbi. "Dalili za shughuli za kibinadamu?"

Msaidizi wake alifungua kitabu cha wageni. "Mwananchi wa mwisho kuhudumiwa ni mwezi wa tatu."

"Andika: hakuna."

"Mimi nafanya kazi humu!"

"Kanuni ya halmashauri yako inasema makazi ya sungura yakishakidhi vigezo hayabadilishwi matumizi," alisema Bi Loveness, akimwonyesha karatasi. "Hii sahihi ya nani?"

Bwana Donatus aliinamia karatasi kwa muda mrefu kuliko anavyohitaji mtu kulitambua jina lake. "Yangu."

"Nakupongeza. Ndiyo makazi bora pekee tuliyoyaona mkoa mzima."

"Na mimi nitakaa wapi?"

Kamati yote ikageuka dirishani, ikatazama kule uwanjani.

"Lile jengo," alisema Bi Loveness, "lina picha yako."

Basi Bwana Donatus akahamia Banda la Mfano na meza ndogo na muhuri. Kuingia ilibidi ainame. Wananchi hawakuchelewa kugundua kwamba sasa Mkurugenzi anapatikana, maana komeo la banda, kama la banda lolote, liko nje. Foleni ikafika barabarani. Watu walipitisha barua chini ya bango, zikarudi zimesainiwa kabla hawajamaliza kusalimiana. Viwanja vilivyogombaniwa tangu enzi za mkurugenzi mwingine viliamuliwa kabla ya saa sita, saa ambayo bati huanza kulia.

Watoto wa sungura walipoanza kula majani wenyewe, Mama Masalu alikuja na matenga pamoja na Mabula, akafungua komeo, akachungulia bandani. Bwana Donatus alikuwa amebaki na singlendi, anajipepea kwa jalada.

"Unataka niandike nini, mama? Sema haraka."

"Andika kwamba sungura wangu wanarudi kwenye duara langu. Na wachimbe wanavyotaka, asiwaulize mtu."

Aliandika, akasaini, akapiga muhuri mara mbili kwa usalama. Alipompa Mabula karatasi, aliishikilia kidogo.

"Mabula. Wakiondoka hawa, ofisi inakuwa wazi. Narudi, siyo?"

"Inakuwa wazi, bosi. Ila bado imeandikishwa kama makazi ya sungura mpaka kamati ije kukagua upya."

"Wanakuja lini?"

"Mwaka wa fedha ujao."

Mabula alipokea barua kwa mikono miwili, akamkabidhi Mama Masalu, akamuaga Mkurugenzi kwa heshima zote za utumishi wa umma, kisha akarudishia komeo.