Inzi wa Shemeji Mwenye Nywele za Waridi

Ndugu Mhariri,

Nakuamkia kwa heshima, ingawa toleo lililopita la jarida la chama chetu cha wavuvi wa ndoano limeipunguza kidogo.

Mimi ni fundi saa. Kwa miaka thelathini na moja, kila nikimaliza kazi hukaa mezani nikafunga inzi wa kuvulia: nazungushia ndoano uzi na unyoya wa jogoo mpaka samaki wa bwawani aape kwamba yule ni mdudu. Sasa umeandika kwamba inzi wangu wamepitwa na wakati, na kwamba inzi mpya wa Bwana Kisasa ni mapinduzi. Huyo Bwana Kisasa ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Nalalamika hivi:

1. Inzi wake ana nywele za plastiki za rangi ya waridi, macho ya shanga na tumbo linalometameta. Nimezunguka bwawa zima na kioo changu cha kukuzia. Mdudu wa namna hiyo hayupo. Angekuwepo, tungekuwa tumeshauhama mji.

2. Anajisifu kwamba gundi yake hukaushwa na taa kwa sekunde tano, yangu huchukua saa mbili. Ni kweli. Lakini anawahi wapi? Samaki kampa miadi?

3. Nilimfungua inzi huyo kwa koleo, uzi baada ya uzi. Ndani nikakuta mzunguko uleule niliomfundisha mimi, mwaka niliomwoa dada yake. Kamvisha bibi kizee wigi, halafu anatualika harusini!

4. Siku ya mashindano tulisimama bega kwa bega. Yeye alitoa samaki saba. Mimi nilitoa mmoja, tena wa kuonewa huruma. Lakini wale saba, Mhariri, walikuwa vijana wasio na malezi. Samaki mwenye akili timamu hakimbilii kila king'aacho. Nyumbani, mke wangu aliwakaanga wa kaka yake, wangu akampa paka. Paka akamnusa kwanza.

5. Duka la vifaa vya uvuvi limeondoa kisanduku changu cha inzi wa kuuza kwenye kaunta. Sasa kiko rafu ya chini, ubavuni mwa sumu ya panya. Hili nalisema bila mzaha: liliniuma.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Naomba basi kidonda hiki kipigwe marufuku, samaki saba wafutwe kwenye kumbukumbu za chama, na shemeji akiri kwa maandishi kwamba jipya lake halina jipya.

Nisalimie mpiga chapa, mwenyekiti na wanachama wote, hata waliopiga makofi siku ile.

Wako mwenye vidole vilivyojaa gundi ya kizamani,

Fundi Saa

Tanbihi: Kabla sijaibandika stempu, mke wangu alinikabidhi bahasha kutoka kwa kaka yake. Ndani mlikuwa na fungu la nywele za waridi na kikaratasi: "Shemeji, mimi nina vifaa tu, mikono unayo wewe. Hebu nifungie mmoja nione." Nikamfunga, kwa uchunguzi tu. Nikaenda naye bwawani, kwa uchunguzi tu. Samaki tisa. Shemeji anakuja kula leo, kwa hiyo usiichapishe barua hii hata kidogo. Na kama unajua zinakouzwa nywele za kijani, nijulishe upesi.