Siku Tano za Kumwonyesha Wifi Mji

Jumamosi, 3 Agosti 1996

Wifi Hajira kashuka kwenye basi la Dar saa nane mchana. Viatu vya kisigino. Kwenye mchanga! Masanduku mawili, moja tupu. Nikamuuliza hilo tupu la nini. Akasema la nguo za Salwa.

Anamchukua mwanangu! Ijumaa anaondoka naye kwenda kwake Magomeni, Dar. Ati yeye shangazi mtu, ana haki, Mungu hakumjalia wa kwake, na mtoto wa miaka sita hapa Ikwiriri ataona nini? Mpunga na nyani. Kwake kuna taa, kuna televisheni, kuna bembea. Mume wangu Khalidi anachokonoa meno tu. Dada yake huyo ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki, hamkatalii kitu.

Nikaropoka. Nikasema Ikwiriri nayo mji. Mji mkubwa! Wifi akacheka mpaka akapaliwa. Akasema haya, nimwonyeshe. Siku tano, kila siku jambo moja la mjini. Nikiweza, mtoto anabaki. Nikishindwa, nimfungie nguo kwa mkono wangu mwenyewe, bila machozi.

Na yawe mambo ya bure, maana sina hata thumni. Hilo sikumwambia.

Mie nimezaliwa delta, kwenye mikoko. Siku Khalidi ananileta hapa niliona magari matatu yamefuatana, nikashika ukuta. Anayesema huu si mji aje aniambie mie.

Jumapili, 4 Agosti

Sinema! Gesti ya Gharibu wanaonyesha video mchana, watu wanalipa mlangoni. Lakini nyuma kuna dirisha. Nikaazima kinu cha jirani, nikakifudikiza. Wifi juu ya kinu, Salwa begani kwangu.

Sauti haikufika, jenereta linanguruma. Nikawasimulia mwenyewe. Yule wa shati jeupe ndiye mwema, yule wa masharubu kamdhulumu shamba. Wifi akasema picha hii kaiona Dar mwaka juzi, wa shati jeupe ndiye muuaji, na hakuna shamba. Kugeuka anikaripie vizuri, kinu kikabingirika. Wifi ndani ya beseni la maji ya vyombo!

Gharibu akatoka mbio. Akatutazama. "Kuruthumu, si ungeingia tu? Wanawake na watoto leo bure."

Tukaingia kwa heshima zote. Tulipokaa, mafuta ya jenereta yakaisha.

Wifi anasema siku ya kwanza sifuri. Nikamwambia mji usiokatika umeme si mji. Yeye alikuwa anakamua gauni.

Jumatatu, 5 Agosti

Leo nimegundua starehe isiyo na gharama: kuaga.

Mabasi ya Lindi husimama stendi watu wale. Unachagua dirisha, unapunga mkono, unalia kidogo. Safari njema baba! Wasalimie wote! Abiria hawajui kama hawakujui, kila mtu ana ndugu aliyemsahau. Salwa fundi, machozi yanamjia akiyaita. Bibi mmoja kampa maandazi mawili, mzee kampa soda nusu chupa. Nikamwona wifi naye anapunga. Halafu analia. Halafu analia sana, mpaka wanja unamchuruzika. Nikajua nimeshinda.

Yule aliyekuwa anaagwa na wifi akashuka na begi lake.

Anaitwa Kondo, fundi saa, anakwenda Lindi. Anasema hajawahi kuliliwa hivyo na mwanamke tangu azaliwe, atakuwa mtu wa namna gani akiondoka? Basi likamwacha. Akatufuata mpaka nyumbani. Khalidi karudi kutoka mashine ya mpunga kakuta mwanamume asiyemjua anakunywa chai kwenye kikombe chake.

Khalidi hasemi nami. Wifi anasema ule si mji, ni wazimu. Lakini nimemwona anachana nywele mara mbili.

Jumanne, 6 Agosti

Kondo lazima aondoke, kasema Khalidi. Basi tukamsindikiza mtoni, mie, wifi na Salwa. Dereva wa lori la ufuta ni rafiki yake Kondo, akatubeba juu ya magunia. Bure! Pantoni nalo waenda kwa miguu hawadaiwi. Bure! Nikamwuliza wifi, la Kigamboni mnapanda bure? Akakiri wanalipa. Kwa mara ya kwanza kakiri jambo.

Tukavuka. Kondo akapata gari la Nyamwage, njia ya Lindi, akaenda zake anageuka geuka. Tukageuza na pantoni. Katikati ya mto likapanda fungu la mchanga. Saa nne nzima! Jua la utosi, hakuna maji ya kunywa juu ya maji yote yale. Kiboko akaibuka, akatutazama, akazama. Nikamwambia wifi, Dar mbuga ya wanyama mnaisikia redioni.

Wanaume wakaingia majini kusukuma, wanawake tukaimba. Tumefika nyumbani magharibi, wifi kabeba viatu mkononi, uso umebabuka.

Mie nahesabu pantoni na kiboko, vitu viwili. Wifi anahesabu jua na njaa.

Jumatano, 7 Agosti

Wifi kalala, kichwa kinamgonga. Hakuna kilichoonwa leo.

Khalidi kaniambia nimfungie mtoto nguo. Kasema kwa upole, ndiyo maana imeniuma. Nikakunja magauni matatu, nikayatia kwenye lile sanduku. Salwa akaniuliza huko Dar nani atamsuka, maana shangazi anakwenda saluni na mikono yake ina kucha. Nikasema atasukwa saluni. Akauliza, saluni wanasimulia hadithi wakisuka?

Nikayatoa magauni yote. Mawili yalikuwa machafu, nikasema ndiyo sababu.

Alhamisi, 8 Agosti

Siku ya mwisho. Asubuhi pua ikaniamsha. Pilau! Pilau la masufuria makubwa, nyuma ya soko. Harusi, nikasema. Mji ndio huo, unaingia kwenye harusi ya usiowajua unakula. Nikamvika Salwa gauni la Idi, nikamfundisha kigelegele njiani. Wifi kavaa visigino vyake.

Tulipofika mlangoni tukakipiga, mie na Salwa. Kirefu, cha kutoka tumboni.

Watu mkekani, juzuu mikononi. Kumbe arobaini ya mzee mmoja, Sadala, mnunuzi wa ufuta!

Miguu ilitaka kukimbia, mdomo ukakataa. Bibi mmoja akaniuliza mie nani hata nimpigie marehemu vigelegele. Nami nikamwuliza marehemu mtu wa wapi. Mnyamwezi, akasema, wa Tabora. Alhamdulillahi! Mnyamwezi na mtu wa pwani ni watani tangu mababu. Nikapaza sauti: "Basi mtani wenu nimefika! Siku arobaini nasubiri huyu mzee aondoke kweli nirithi kofia yake!"

Wifi alishaanza kurudi kinyumenyume. Halafu mjane, bi Mashavu, akaangua kicheko. Akasema siku zote arobaini hakuna mtani aliyekanyaga kwake, msiba umekuwa mkavu kama gogo. Karibu, mtani mchawi wee!

Kumbe utani una kazi. Mtani lazima amwigize marehemu, na mie simjui hata sura. Salwa ndiye alimjua, alikuwa akipewa karanga naye sokoni. Akavikwa kofia ya marehemu, ikamfika puani. Akapinda mgongo, akakohoa kama gari bovu, akamwambia bi Mashavu: "Wee mwanamke, hii kahawa au maji ya kunawia?"

Bi Mashavu akacheka, akalia, akacheka. Akamkumbatia na kofia yake. Watu wakataka arudie, akarudia mara sita.

Na mgeni wa mtani hutekwa. Wifi akavuliwa viatu, akapelekwa uani kusugua masufuria mpaka nimkomboe. Sikumkomboa. Nilikuwa nakula.

Karudi nyumbani na masizi mpaka viwikoni. Leo nimelala… sijalala, naandika. Kesho basi saa mbili.

Ijumaa, 9 Agosti

Kaondoka. Peke yake!

Pale stendi kamwambia Khalidi kuwa mtoto huyu akimpeleka Magomeni, siku jirani akifiwa itabidi yeye ahame mtaa. Akae na mama yake mpaka apoe. Kisha akasema kwa sauti ndogo kuwa jana, pale penye masufuria, alichungulia akamwona bi Mashavu anavyocheka. Mtoto anayeweza vile kafunzwa na mtu, akasema, na mtu mwenyewe hanyang'anywi. Akamshika Salwa mkono kupitia dirishani mpaka basi likaanza kutembea.

Khalidi anasema dada yake ana moyo mkubwa. Mie najua kilichotokea. Nilimwonyesha mji, akashindwa.

Khalidi kaniomba sasa nitulie, nikae nyumbani kama watu wengine. Nikasema ndiyo, mume wangu.

Disemba nakwenda na Salwa Magomeni kumtembelea wifi, mwezi mzima. Anasema Dar kila kitu hela. Hajui kutafuta! Ikwiriri, kwa watu hawa tulionao, arobaini moja kwa wiki, na pilau lake. Dar ile, na Wanyamwezi wake wote! Sitagusa jiko hata siku moja. Nitachukua na sufuria ya mfuniko.

Leo tumeanza mazoezi ya kuigiza marehemu, mie na Salwa. Kikohozi cha mzee anakijua. Cha bibi kizee kakipata baada ya chakula cha mchana. Kimebaki cha tajiri.