Adhuhuri Iliyokwama Ngomeni

Mwezi wa Sita, tarehe 4, siku ya Chui Milia

Saa ya Waholanzi imefika kutoka Nagasaki, nzima! Nimeiweka ukumbini juu ya kabati la mwerezi. Inameta. Ni mimi, Sawada Mohei, niliyemshawishi msimamizi wa ngome, Bwana Isoda, ainunue. Nilimwambia itastaafisha ngoma. Mzee Gonroku, mpiga ngoma ya kutangaza saa, alikuwepo akisikia. Miaka thelathini anapima wakati kwa ubani unaoungua polepole juu ya jivu. Jivu!

Adhuhuri tuliingoja wote. Saa ikagonga mara kumi na mbili.

Kumi na mbili! Adhuhuri ni mapigo tisa, hata mtoto anajua. Gonroku akauliza kwa upole kama Waholanzi wana jua lao. Watu wakashika mbavu. Bwana Isoda hakucheka. Amesema Mtukufu mwenyewe, mtawala wetu, atakuja kuisikiliza adhuhuri ya siku ya Nyoka. Ikikosea, navuliwa panga zangu mbili za cheo, na mimi na mama tunahama nyumba ya ngome.

Siku tatu. 

Tarehe 5, siku ya Sungura

Nimeifungua. Kitabu chake ni cha Kiholanzi. Najua maneno matatu ya lugha hiyo, na moja ni siagi. Nimekata meno matatu ya gurudumu kwa tupa, ili kumi na mbili iwe tisa. Hesabu safi kabisa. Ikagonga mara ishirini na sita, ikanyamaza. Sasa haigongi tena, inalia tik-tik tu. Tena nilipoifunga, gurudumu moja lilibaki nje. Nikalificha kwenye mtungi wa figili za chumvi. Mama amelikuta wakati wa kula. Ameuliza kama linatafunwa.

Balaa jingine: kiangazi hiki saa zetu za mchana ni ndefu, za usiku fupi, jua linavyotaka. Za mashine hii zote ni sawasawa, kama vipande vya tofu ya soya. Hata ningeitengeneza ingenidanganya. Nimekwisha.

Tarehe 6, siku ya Joka

Sijaisha! Kabati ni tupu. Nimejaribu: naenea, magoti yakigusa masikio. Nitaingia na kengele na nyundo. Humo ndani sitaliona jua, lakini nitaisikia ngoma ya Gonroku, naye hajawahi kukosea. Dundo lake la kwanza tu, nami naanza. Adui ananifanyia kazi bila kujua! Nimecheka peke yangu hadi jirani akakohoa.

Tumefanya mazoezi, mama akipiga chungu. Mara tatu, mara zote sawa. Kisha akaniambia, "Mwanangu, si umwombe tu Mzee Gonroku akusaidie?"

Nimemweleza kwamba mzee yule haielewi elimu ya Magharibi.

Tarehe 7, siku ya Nyoka



Niliingia kabatini kabla ya watu. Joto la tanuri. Nikamsikia Mtukufu akiketi. Harufu ya wali na samaki wa kuchoma ikanifikia. Chakula tayari, lakini nani atakula kabla adhuhuri haijagongwa? Nikashika nyundo. Nikangoja. Jasho likaingia machoni. Nikangoja. Mguu wa kushoto ukafa ganzi. Tumbo la mtu likanguruma, na naomba lisiwe la Mtukufu.

Kimya. Ngoma hakuna.

Bwana Isoda akaagiza Gonroku aitwe. Nikasikia nyayo zake zikiburuta kwenye mikeka. Akaulizwa kwa nini hajapiga.

"Bwana, niliambiwa ngoma imestaafu," akasema. "Naisubiri saa ianze, nami niifuate."

 Mimi namngoja yeye, yeye ananingoja mimi, na ngome nzima ina njaa! Mtukufu akauliza jua liko wapi. Akajibiwa kivuli kimeshapita kisima. Nikaona nikizidi kungoja nimeangamia. Nikapiga. Tisa, safi, bila kukosea hata moja!

Ndipo ganzi iliponisaliti. Mguu ukateleza, mlango ukafunguka, nikaviringika hadi mbele ya Mtukufu, nyundo mkononi. Kengele ikaanguka nyuma yangu. Ngo.

Mtukufu akanitazama, kisha akaitazama kengele.

"Kumi," akasema.

Bwana Isoda akanyoosha mkono kudai panga. Nilikuwa nimeshaanza kuzifungua kiunoni nilipomwona Gonroku akipiga magoti, paji la uso mkekani. Akasema macho yake yamezeeka, anahitaji msaidizi wa kuchekecha jivu. Akasema pia kwamba nikiharibu tena, tufukuzwe wote wawili. Mtukufu akakubali, akaomba wali wake upashwe moto.

Tarehe 9, siku ya Kondoo

Nachekecha jivu. Gonroku amenifundisha kupanga ubani, wala hajanicheka hata mara moja. Machozi yalinitoka. Nilisingizia moshi. Ni mtu mwema na nilimkosea. Ameweka rehani riziki yake ya uzeeni kwa ajili yangu. Nimekaa kutafakari makosa yangu kwa dhati.

Kosa lilikuwa moja. Kabati halikuwa na tundu la kuchungulia jua.

Asubuhi nilikutana na Bwana Isoda langoni. Nimemdokeza kwamba Waholanzi wana bomba la kioo linalotabiri mvua, halikosei kamwe. Hakuamini. Basi nimemwahidi mvua siku ya Mbwa, adhuhuri, hapo hapo uani, mbele ya Mtukufu. Paa nimeshalipima. Ndoo nne za maji zinatosha. Wa kunishikia ngazi ni Mzee Gonroku, ila bado sijamwambia.