Samaki Aliyesali Kabla ya Kula

Jumatatu, 8 Juni

Nakuambia wewe, daftari, kwa kuwa mke wangu ameshasikia mara tatu, na mara ya tatu alikuwa anapiga pasi. Wanataka kuninyang'anya darasa. Miaka kumi na minane nafundisha watoto dini kila Jumamosi asubuhi, chumba cha nyuma cha kanisa, benchi sita. Leo mwenyekiti wa kamati amenisimamisha mlangoni, akaniita mwalimu wangu mpendwa, akanishika bega. Akinishika bega najua kuna msiba. Anasema madarasa mawili yataunganishwa. Jumamosi hii kamati itapita, itaangalia watoto wanamfuata nani, na huyo ndiye atakayebaki.

Mwenzangu wa darasa la pili ni mama mshonaji, wote tunamwita Fundi Cherehani. Ana watoto ishirini na sita na vikaragosi vya soksi vinavyozungumza. Mimi ninao wanne. Wawili huwa wamelala. Simwonei wivu. Nimesali nisimwonee wivu, na kwa kiasi kikubwa imesaidia.

Mpango umenijia nikifunga kamba za viatu. Watoto wanapenda michezo ya simu. Basi nitawatengenezea mmoja, wenye maadili. Wa samaki.

Jumanne, 9 Juni

Mimi ni karani wa stoo kwenye kiwanda cha magodoro. Magodoro hayana haraka, kwa hiyo muda nilikuwa nao. Kuna somo la bure mtandaoni, linafundisha kutengeneza mchezo unaofunguka kwenye kivinjari bila kupakua chochote. Wanasema hata mtoto anaweza. Nimelirudia somo la kwanza mara tano.

Nimechora samaki wa kilindini. Huko chini ni giza tupu, kwa hiyo ana taa inayoning'inia mbele ya paji la uso. Ana njaa. Juu ya skrini kuna kipimo chekundu: kikiisha, amekufa. Akila kidagaa, kinajaa. Nimemwonyesha mlinzi wa geti. Akakodoa macho, akauliza kandambili inawekewa taa ya nini.

Halafu anaogelea kinyumenyume. Nabonyeza mbele, anarudi nyuma. Nimehangaika naye saa mbili, mwisho nikaamua ni fundisho kuhusu toba.

Jumatano, 10 Juni

Leo ameenda mbele. Sijui nilifanya nini, wala sigusi tena hapo.

Nimekaa nikamtazama anavyokula. Kidagaa cha kwanza, kap. Cha pili, kap. Furaha ikaanza kunitoka. Anameza tu, hasemi hata asante. Kwenye darasa langu? Nimerekebisha. Sasa kila anapokifikia chakula anasimama, anafumba macho, taa inafifia kwa heshima, na sala ya mistari sita inapita kwenye skrini. Ndipo anakula.

Mke wangu alijaribu tulipomaliza chai. Samaki akaona kidagaa, akafumba macho. Alipofika mstari wa tatu wa sala, kipimo cha njaa kikaisha, akageuka tumbo juu. Mke wangu akasema, "Baba watoto, huyu amekufa njaa na chakula kiko mdomoni." Nikamwambia amefariki katika hali nzuri. Akashauri sala iwe mstari mmoja. Nikamuuliza nimpunguzie nani, Mungu? Basi simamisha njaa wakati anasali, akasema. Nikamjibu huo ni uongo. Mimi nikisali njaa haisimami, hasa anapoongoza mwenyekiti. Akakusanya vikombe akaondoka.

Alhamisi, 11 Juni

Mchezo ulihitaji adui. Nikachora samaki mkubwa, mnene, asiyesali, anayetokea gizani na kumeza kila kitu. Mkono ukaendelea wenyewe. Miwani. Tepu ya kupimia shingoni. Pini nne mdomoni. Mlinzi hakuchelewa: "Si yule mama anayeshona huyu? Amefanana kuliko picha ya kitambulisho." Nikamwambia samaki wote wanafanana. Msamaha nimeomba mapema, kabla mhusika hajaona, nisije nikasahau.

Saa nne nikatuma linki kwenye kundi la simu la wazazi. Niliandika kwamba ni mchezo mpya wa mafundisho, na maelezo zaidi yatatolewa Jumamosi na mwalimu wenu wa siku zote. Hadi saa sita wazazi kumi na tisa walikuwa wameweka dole gumba. Fundi Cherehani ana soksi. Mimi nina mtandao.

Jambo moja dogo. Nilipokuwa namjaribu yule mkubwa, niliweka kitufe cha kumchagua na kumwendesha. Nadhani nilikitoa.

Ijumaa, 12 Juni

Sikukitoa.

Mtaa mzima unacheza. Nje ya duka la mikate niliona watoto watatu wameinamia simu moja, moyo ukanijaa. Nikasogea. Hakuna aliyekuwa anamwendesha samaki wangu. Wote wanamtaka mwenye miwani. Nikauliza kwa upole, kulikoni. Mmoja akajibu bila kuinua kichwa, "Yule mwingine anafumba macho halafu anakufa, mwalimu. Fundi anakula."

Kwa hiyo wamemtambua.

Nikaenda kwake kuomba radhi, yaani kuona kama amekasirika. Alikuwa kwenye cherehani. Alicheka mpaka akavua miwani. "Hukunikosea, mwalimu," akasema. "Ila kiuno umeniongezea inchi tatu, na mwenye tepu ni mimi." Akaniuliza ile taa inakaaje, inaning'inia umbali gani, inawaka wakati gani. Nikamweleza kwa kirefu. Ni mwanamke msikivu sana. Mezani alikuwa na kitambaa cheusi kingi na balbu ya tochi. Sikuuliza.

Jumamosi, 13 Juni

Watoto thelathini na wanne, wengine wageni kabisa. Wote chumbani kwake. Ameshona samaki mrefu kuliko benchi, mwenye miwani, tepu, na taa inayowaka kweli. Wanne wangu nao walikuwa huko, na wale wawili wa kulala walikuwa macho kama bundi. Mimi nilikaa chumba cha nyuma dakika ishirini. Nilifuta ubao ambao haukuandikwa kitu. Nikanyoosha benchi moja, kisha nyingine. Hilo sijamwambia mke wangu.

Halafu kamati ikaniita. Mwenyekiti, nadhani alitaka kunisaidia, akawauliza watoto mchezo wa mwalimu umewafundisha nini. Mmoja wa mbele akasimama, akanyoosha mikono ubavuni kama nilivyowafundisha, akajibu: "Ukisali kwanza unakufa. Usiposali unakula." Chumba kizima kikarudia pamoja. Kwa miaka kumi na minane sijawahi kusikia watoto wakikariri kitu vizuri hivyo.

Darasa ni la Fundi Cherehani. Sikuachwa hivihivi lakini. Akasema mbele ya wote kwamba samaki ni mrefu na mikono yake miwili haimtoshi, mwalimu ashike mkia. Nikashika. Watoto walisema mkia unachezeshwa vizuri. Nikaenda msalani nikanawa uso.

Jumapili, 14 Juni

Nimetafakari wakati wote wa ibada, na kosa nimeliona. Wote walidhani ni sala. Si sala. Kosa ni chakula. Kama chakula kisingekuwepo, sala isingemchelewesha mtu.

Kwa hiyo nimeanza mchezo wa pili, wa watu wazima. Samaki ni yuleyule, ila safari hii amefunga. Vidagaa vinapita mbele yake, vinono, vinang'aa, na mchezaji anashinda kwa kutokula. Vitufe hakuna hata kimoja, kwa hiyo hakuna nitakachosahau kukitoa. Unakaa tu, unatazama, saa nzima.

Nimemweleza mke wangu. Akasema mchezo kama huo hata simu iliyozimwa itaushinda.

Sikuwa nimefika huko. Nimemshukuru kwa dhati, nikaandika kwenye karatasi ya mpango: hatua ya pili, simu inazimwa.