Sheria ya Kurasa Pacha

Baraza Tukufu la mji wetu linapenda kuutangazia umma kwamba tatizo la kurasa kufanana limepatiwa ufumbuzi wa kudumu. Mimi, mhitimu mpya wa chuo kikuu cha Erfurt na katibu wa Kamati ya Kulinda Tofauti za Maandishi, nilikuwapo tangu mwanzo hadi watu walipolowa.

Chanzo ni Wendelin Kessel, sonara aliyeacha pete akaanza kumimina herufi za madini ya risasi. Alizipanga, akazipaka wino, akazikandamiza kwa mtambo kama ule wa kukamulia zabibu. Kurasa zikatoka zimefanana kama mapacha.

Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Diebolt, alizikagua, akapauka.

"Hata kosa la ukurasa huu limo katika ule! Binadamu hawezi kukosea vilevile mara mbili. Huu ni uchawi."

Hoja ilikuwa nzito. Tukaipitisha kabla ya supu. Kurasa zinazofanana marufuku. Mtambo uvunjwe Jumamosi. Atakayeagiza kurasa hizo azamishwe mtoni Rhine katika kapu la waokaji, kila siku ya soko, maadamu sheria ipo.

Kapu hilo twalijua sote: mwokaji akipunja mkate, huchovywa humo. Bi Ottilie wa tanuri la darajani alichovywa mwaka jana, na bado anakohoa.

Ikabaki changamoto ndogo ya utekelezaji. Kwetu sheria haiwi sheria mpaka ipigiliwe misumari asubuhi moja kwenye milango ya makanisa yote, neno kwa neno. Watawa wanaonakili walisema watamaliza Pasaka, na nakala yao ya kwanza ilikuwa imeharamisha mabata badala ya kurasa.

"Nani anaweza kutoa nakala nyingi, sawasawa, tena upesi?" akauliza Mwenyekiti.

Nikatumwa kwa Wendelin.

"Yaani nichapishe hukumu ya mtambo wangu mwenyewe?"

"Ni heshima kubwa, Bwana Wendelin. Baraza lina imani na ubora wa kazi yako."

Akaupapasa mtambo kama mtu anayemuaga farasi. "Mzee Diebolt anataka zifanane?"

"Hata nukta."

"Haya. Basi muhuri wake ukae juu, watu wamjue mwagizaji."

Niliona hiyo ni adabu ya hali ya juu.

Jumamosi, siku ya soko, nyundo ilikuwa tayari hewani juu ya mtambo Bi Ottilie alipofika na karatasi mbili alizobandua kwenye milango miwili ya makanisa.

"Katibu, wewe umesoma. Hizi zinatofautiana?"

Nikazikagua kwa uaminifu. "Hapana, mama."

"Na muhuri huu wa nani?"

"Wa Mwenyekiti, kwa niaba ya kamati yote."

"Jamani, leteni kapu!"

Sheria ni msumeno; waheshimiwa wakachovywa mtoni mmoja mmoja. Mheshimiwa Diebolt aliibuka na majani ya mto sikioni.

"Ifutwe! Leo hii!"

"Kwa watawa ni Pasaka, Mheshimiwa," nikamkumbusha. "Na masoko ni kila wiki."

"Na kwa Wendelin?"

"Kesho asubuhi."

"Wewe wa nyundo! Weka chini, mpumbavu!"

"Ila kuagiza tena," akasema Bi Ottilie, akikohoa kwa raha, "ni kosa jipya."

Kamati ikajadiliana, meno yakigongana. Kisha, kwa kauli moja, waheshimiwa wakaagiza nakala za kuifuta sheria, wakarudi kapuni wenyewe.

Wendelin akanigeukia kwa upole.

"Muhuri ukae juu tena?"