Mstari wa Babu Foltej

Alhamisi, 24 Oktoba

Babu Foltej katangaza wakati wa supu. Siku ya Mtakatifu Huberti, sikukuu ya wawindaji, anastaafu. Meza yake ya dirishani katika karakana ya bunduki, yenye jiliwa kubwa la kubania chuma, atairithi mmoja: mimi au binamu yangu Lipej. Jumamosi ya kabla yake kila mmoja atafunga mtutu mpya kwenye bunduki ya mteja. Atakayekaza bila kuumiza kitu, ndiye.

Meza hiyo naitaka tangu nilipokuwa natembea chini yake bila kuinama. Shuleni Kijerumani, nyumbani Kislovenia, na katika lugha zote mbili mimi bubu. Pale dirishani tu ndipo mikono yangu huongea.

Lipej kaniuliza kama nitauweza mtutu au niitiwe mwanamume. Nilimjibu saa mbili baadaye, bafuni, peke yangu. Jibu zuri sana!

Ijumaa, 25 Oktoba

Msiba! Spana ya Babu ya kupimia nguvu, ile inayolia tak! ukifika kipimo, haimo kisandukuni. Babu kasema labda imetukimbia, tumeitesa mno. Lipej kaapa hajaiona. Huyoo, akaondoka akichechemea. Eti kateguka mlimani.

Nikajaribu mtutu chakavu. Ukateleza kwenye jiliwa, ukazunguka kama soseji kikaangoni. Mikwaruzo! Babu hupaka meno ya jiliwa unga wa utomvu mkavu wa msonobari, ndio hushika. Kopo lake tupu.

Nani mwingine ana utomvu mkavu? Mpiga fidla, wa kusugulia upinde. Nani hupiga fidla kanisani? Hee! Lipej! Nimechukua kipande chake chote. Nimekisaga kwenye kinu cha Mama cha pilipili manga.

Jumapili, 27 Oktoba

Mungu anisamehe. Sikujua kwamba upinde wa Lipej umetoka kwa fundi jana, nywele mpya za farasi. Bila utomvu hazitoi sauti. Padri akaashiria. Lipej akavuta. Kimya. Akavuta tena, kwa hisia, kafumba macho. Kimya! Bi Wutte, mwenyekiti wa wawindaji, akamwambia jirani yake, kanisa zima likasikia, kwamba kijana leo kapiga vizuri kuliko siku zote.

Nilicheka ndani ya kitabu cha nyimbo. Halafu nikayaona masikio yake, mekundu kama bitiruti. Nayajua masikio hayo. Ni yangu, kila mwalimu anaponiuliza swali. Hamu ya keki ya Jumapili ikanitoka.

Nimekula vipande viwili tu.

Jumanne, 29 Oktoba

Nimeazima kimyakimya spana ya trekta ya Mjomba Nužej. Nayo hulia tak! Namba yake ya chini kabisa inazidi ile anayoitaka Babu, ila nikawaza: bora izidi kuliko ipungue.

Nikashusha ukutani kiwiliwili cha bunduki kuukuu, kile chuma kinachopokea mtutu. Mle ndani huteleza komeo, chuma chenye mkono, na kwenye mkono huo Babu hutundika kofia yake. Nikachomoa komeo, nikafunga mtutu chakavu. Utomvu ukashika kama kupe. Nikavuta. Nikavuta tena, mguu ukutani. Tak! Fahari iliyoje!

Komeo likagoma kurudi. Kiwiliwili kimepinda. Nikakitundika vilevile bila komeo, nikaomba Mungu.

Babu akaingia, akatundika kofia bila kutazama, kama alivyofanya miaka arobaini. Kofia chini. Akaiokota. Akatazama ukuta, kisha mimi. Akasema kuna mtu kamkamua maskini huyu kama kitambaa cha vyombo, na kwamba bunduki ya mteja haina shingo ya akiba. Hakuuliza ni nani. Bora angeuliza.

Supu ya leo ina ladha ya msonobari. Mama analaumu pilipili.

Jumamosi, 2 Novemba

Mtihani. Bunduki mbili, ya Bi Wutte na ya mumewe. Bi Wutte mwenyewe kasimama mlangoni.

Lipej kwanza. Mtutu ukaanza kuteleza, Babu akamzuia kabla haujakwaruzika. Lipej akanung'unika kwamba hata utomvu wa fidla umempotea.

Zamu yangu. Mtutu umeshikwa barabara. Mkono kwenye spana isiyo na kipimo. Nikaiona ile kofia ikianguka. Bi Wutte akanihimiza: "Vuta basi, Trezika, haing'ati!"

Nikaachia. Nikasema, kwa sauti, mbele ya watu, kwamba siwezi kukisia. Bora nikose meza kuliko kunyonga bunduki ya mtu. Na utomvu niliiba mimi.

Lipej akapandisha mguu wa suruali. Spana! Kaifunga kwa soksi, zaidi ya wiki nzima! Akanipa. "Shika, mwizi mwenzangu."

Yeye akatuliza mtutu, mimi nikavuta. Tak! Ya pili tukabadilishana. Tak! Babu akainamisha bunduki, komeo likateleza lenyewe, laini, kwa uzito wake. Akasema meza ni ndefu, tugawane nusu kwa nusu. Dirisha moja, wezi wawili.

Nimelia kidogo. Kwa lugha zote mbili.

Jumapili, 3 Novemba

Misa ya Huberti. Utomvu mpya nimemnunulia mimi, fidla ikaimba. Moyo mweupe! Nimeapa: hila basi.

Mchana nikapita karakana kutazama nusu yangu. Ni nusu kweli. Ila jiliwa limeegemea upande wa Lipej, upana wa vidole vitatu. Nikilisogeza nusu kidole kila wiki, kufikia Krismasi litakuwa langu, naye hatajua.

Nikainama. Kumbe Babu kachora kwa ncha ya chuma mstari mwembamba, umeanzia kwenye jiliwa ukashukia mezani. Ni ule ule tunaochora juu ya mtutu na kiwiliwili, ili kimoja kikisogea kionekane.

Mzee kaona mbali. Lakini mstari hufutwa kwa tupa. Nikafungua droo. Tupa haimo.

Na Lipej kaanza tena kuchechemea.

Haidhuru. Mjomba Nužej anayo tupa ya kunolea majembe ya trekta. Kubwa kidogo. Bora izidi kuliko ipungue.