Kibonge Kwenye Ukurasa wa Mbele

Jumatatu, 4 Machi
Makubwa! Shirika linalotugawia nguo za watoto linatengeneza upya tovuti yake, na nimechaguliwa kuijaribu. Mimi! Dada wa kompyuta kasema wataijenga kwa kufuata mahitaji yetu akina mama. Nikamwambia langu ni moja tu: picha ya mwanangu Kibonge ukurasa wa mbele. Akacheka. Hakukataa! Ila Mama Pacha naye kachaguliwa. Watoto wawili kwenye picha moja. Haki iko wapi?

Jumanne, 5 Machi
Kesho tutatafuta kwenye tovuti siku ya mizani, ile anayokuja nesi kupima watoto. Dada kasema si mtihani. Ndivyo wanavyosema siku zote kabla ya mtihani. Nikaazima simu ya mama mkwe, nikakariri njia nzima: Kuhusu Sisi, Dira Yetu, Taarifa, kisha chini kabisa, chini ya picha ya mwenyekiti anayekata utepe. Kumbe ilikuwa hapo! Mwezi jana, kwa kutoijua siku, nilimbeba Kibonge juani hadi shirika nikakuta kufuli. Mama mkwe akauliza nasoma nini hadi maziwa yanamwagikia jiko. Nikasema mustakabali wa mjukuu wake. Kibonge akalamba kioo.

Jumatano, 6 Machi
Ushindi! Nimebofya bila kuangalia, kama ninavyofunga nepi gizani. Mama Pacha kaishia kwenye ukurasa wa kuomba michango, akalalamika kwamba nepi kaja kuomba yeye, sasa wanamwomba tena wao! Nikamnong'oneza jibu. Huruma tu. Dada akafurahi, akasema kama tunaiona kirahisi hivyo, basi wataiacha hapohapo. Picha naisikia harufu.

Ijumaa, 8 Machi
Jana Kibonge kapimwa, kaongezeka, mizani ililia. Leo nimekutana na jirani yetu wa nyuma, kichanga chake chembamba kama kijiti mgongoni, macho ya mama mekundu kwa kulia. Kaja leo, kakuta kufuli. Katafuta siku kwenye simu hadi chaji ikaisha, hakuiona. Nesi hadi mwezi ujao. Na dada ataiacha hapohapo, kwa sababu yangu!

Jumatatu, 11 Machi
Nikarudi kwa dada na mpango mpya: kujifanya nimesahau njia. Nikabofya huku, nikabofya kule, nikahema. Dada akauliza mbona juzi nilipita kama umeme. Nikasema usahaulifu ni wa ukoo. Mama Pacha akadakia kwamba huyu shoga yake alikariri, na jibu alimnong'oneza yeye! Nikatamani kuingia chini ya meza. Dada akacheka hadi akavua miwani. Nikamweleza habari za jirani. Kicheko kikakatika. Akampigia nesi palepale. Atampitia mtoto nyumbani kesho.

Jumatatu, 25 Machi
Tovuti mpya! Juu kabisa, kwa herufi kubwa: siku ya mizani. Jirani kabofya mara moja tu. Kichanga kimeanza kujaa mashavu. Nimembusu hadi mama yake akaninyang'anya.
Picha? Hakuna hata moja! Dada kasema akina mama tulilalamika picha zinamaliza bando. Nani alilalamika? Mama Pacha, bila shaka. Nakumbuka nami niliitikia kwa kichwa, lakini nilikuwa nambembeleza mtoto.
Alhamisi tunaijaribu tena. Dada kasisitiza si mtihani. Sawa, dada. Simu ya mama mkwe ninayo hapa, nimeshakariri tovuti nzima hadi namba ya nesi. Na Kibonge namfundisha kutabasamu.